Kupima nyumba ya mawe kabla fundi hajaweka mkono

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu hukarabatiwa kwa kukisia. Plasta inabanduliwa, simenti inapigwa, na chanzo cha maradhi kinabaki ukutani kikiendelea kula. Kinachotakiwa kwanza ni rekodi: mchoro, picha na ramani ya maradhi. Nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba sita ni kazi ya watu wawili kwa siku tatu au nne.

Beba tepu ya mita 30 na ya mita 5, timazi, mpira mwangavu wa mita 15, tochi, kamera au simu, ubao wa kuandikia na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani. Tone moja la jasho linafuta vipimo vya asubuhi nzima.

1. Hodi kwanza

Zungumza mapema na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, au kwa Lamu, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kisha kubaliana na wenye nyumba vyumba gani vinaingiwa na saa ngapi. Kikosi kiwe na mwanamke, la sivyo vyumba vya ndani utavichora kwa kusimuliwa. Waulize wazee majina ya kila sehemu (daka, yaani kibaraza cha mlangoni; kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba; msana, ukumbi mrefu unaotazama ua; ndani, chumba cha faragha) na uyaandike kama wanavyoyatamka.

2. Namba kabla ya picha

Chora ramani ya mkono, kila chumba kipe namba, na kuta zake ziite A, B, C, D kufuata mshale wa saa kuanzia mlango wa kuingilia. Jina la picha lifuate hapo: nyumba, chumba, ukuta, tarehe, mfano N07-V03-B-20250612. Piga kila ukuta ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, kisha dari, kisha sakafu, kipimo chenye alama za sentimita kikionekana pembeni. Picha za zidaka (vishubaka vya ukutani) na nakshi za mlango zipigwe taa ikitokea ubavuni, maana mwanga wa mbele hufuta michoro. Picha ya mlango wa nakshi usiirushe mtandaoni pamoja na anwani. Milango hiyo ina wanunuzi.

3. Vipimo

Usiamini kona yoyote. Nyumba hizi zilijengwa kufuata vichochoro, na chumba kinachoonekana mraba mara nyingi sicho. Pima kuta zote nne, kisha kona hadi kona, njia zote mbili. Bila vipimo hivyo viwili vya mshazari mchoro hautafunga mezani, na utarudi tena kugonga hodi.

Kwenye ukuta wenye milango na zidaka, shikilia sifuri ya tepu konani na usome kila ukingo bila kuinyanyua. Ukipima kipande kwa kipande na kukosea milimita 5 kila mara, vipande kumi vinaweza kukupa kosa la sentimita 5. Unene wa ukuta upimwe mlangoni. Nusu mita ni jambo la kawaida.

Kwa urefu wa kwenda juu, weka mstari mmoja wa usawa nyumba nzima kwa ule mpira mwangavu uliojazwa maji, mita 1 juu ya sakafu ya kiwanda. Toa mapovu yote kwanza, kwani povu moja linadanganya. Weka alama ndogo ya penseli. Selotepu usibandike kwenye chokaa ya zamani, itang'oka na ngozi yake.

Chora ramani kwa skeli ya 1:50, na milango na zidaka kwa 1:20.

4. Boriti

Hesabu boriti za mikoko katika kila dari, andika zinalala upande gani, unene wake na nafasi kati yake. Ndizo zilizoamua upana wa chumba, kwa kawaida chini ya mita 3. Angalia hasa ncha zinapoingia ukutani: maji ya paa hufikia hapo na mchwa hupenda hapo. Chomeka bisibisi nyembamba. Ikizama bila nguvu, boriti imeoza hata kama katikati inang'aa.

5. Ramani ya maradhi

Hapa usiharakishe. Unyevu unaotoka chini huacha mstari karibu usawa na unga mweupe wa chumvi. Wa juu huteremka kwa madoa ya kahawia kutoka kwenye mfereji uliopasuka au paa. Chora ukingo wake na tarehe, mwisho wa masika, kisha tena Januari au Februari. Kwaruza plasta kwa msumari: chokaa hukwaruzika kwa urahisi, simenti ni ngumu na ya kijivu. Penye simenti unyevu hupanda juu zaidi kwa kuwa ukuta umezibwa pumzi, na chumvi huganda nyuma yake na kusaga jiwe la tumbawe. Gonga kwa kifundo cha kidole. Mlio wa mtungi mtupu maana yake plasta imeachana na ukuta.

Kila ufa upe namba. Andika upana wake juu, kati na chini, na kama unatokea upande wa pili. Wenye vumbi na rangi ndani ni wa zamani. Wenye kingo safi ni mpya. Piga misumari midogo mitatu kwa pembetatu, miwili upande mmoja na mmoja ng'ambo, upime kwa kalipa kila mwezi kwa mwaka mzima. Kipande cha kioo kilichobandikwa juu ya ufa kikipasuka hukuambia ukuta umesogea, hakikuambii umeelekea wapi.

6. Nakala tatu

Moja kwa mwenye nyumba, moja ofisini, moja mji mwingine. Michoro ichapishwe pia karatasini. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, jengo la 1883, iliporomoka 25 Desemba 2020; ukuta ukishalala chini hakuna tepu ya kuupima.

7. Fundi akianza

Andika mchanganyiko uliotumika (kwa kawaida chokaa iliyorojwa 1 kwa mchanga 3, mchanga usio na chumvi), idadi ya mikono ya plasta na siku ilizonyunyiziwa maji. Katika kila chumba mwambie aache kiraka cha plasta ya zamani cha sentimita 20 kwa 20, nawe ukitie kwenye mchoro.