Nazi tatu, Jumamosi moja: wali, maharage, kashata na chupa ya kusafishia jikoni

Jumamosi kwangu ni siku ya nazi. Natengeneza kashata za kuuza hapa mtaani Tanga, na kwa kuwa mbuzi ya kukunia imeshatolewa uvunguni na mikono imeshalowa, siku hiyohiyo chakula cha mchana kinakuwa wali wa nazi na maharage, na maganda ya ndimu yanaishia kwenye chupa ya siki. Nitakueleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, si chakula kimoja kimoja, maana tui linalokwenda huku ndilo linalopungua kule. Kikombe changu ni cha mililita 250. Nyumbani tuko sita, na hubaki cha atakayebisha hodi.

Utahitaji nazi 3, mchele vikombe 3, maharage vikombe 2, sukari vikombe 2, iliki, vitunguu 2, nyanya 3, kitunguu saumu, bizari ya manjano kidogo, ndimu na chumvi. Kwa usafi: siki nyeupe na bikaboneti ya soda, ile ya unga mweupe inayouzwa pamoja na vitu vya kuokea keki.

Ijumaa: sokoni, na maharage majini

Nazi ichague kwa mkono na kwa sikio. Iwe nzito kuliko unavyoitarajia, ukiitikisa maji yasikike yakicheza, na yale matundu matatu kichwani yawe makavu, bila ukungu wala majimaji. Usiposikia maji kabisa, hiyo inaelekea kuwa mbata. Mafuta inayo, lakini tui lake lina harufu. Na ukipewa koroma kwa bei ya nazi, rudisha. Koroma ni tamu kutafuna, ila tui lake ni maji matupu, na mpishi ndiye atakayelaumiwa mezani.

Maharage chambua, osha, loweka kwenye maji mengi usiku kucha.

Jumamosi asubuhi: maharage jikoni kwanza

Mwaga maji uliyolowekea. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 nzima kabla hujapunguza moto. Hili usilifanyie uvivu. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Yakipikwa kwa moto wa kuvizia tu yanaweza kukupa tumbo la kuendesha. Baada ya hapo acha yaive taratibu, saa moja au zaidi. Nyanya na ndimu zisiguse sufuria hiyo mpaka yawe laini kabisa, maana ukali wake huyafanya yabaki magumu hata ukeshe unachochea.

Wakati yanaiva, tunahamia kwenye nazi.

Kuvunja, kukuna, kukamua

Shika nazi kiganjani, gonga katikati kwa mgongo wa panga huku unaizungusha. Ikipata ufa, kinga maji kwenye kikombe na uyaonje kabla hujavunja ya pili. Maji yakiwa machungu au yana harufu ya sabuni, weka nazi hiyo kando. Wazee waliposema nazi mbovu harabu ya nzima hawakuwa wakipamba maneno: mimi niliwahi kukuna nazi nne kwenye sinia moja bila kuonja, moja ilikuwa imechacha, nikatupa zote nne.

Kukuna, kaa sawa, kifuu unakizungusha, usikikandamize. Ukiona uzi wa kahawia, umefika kwenye ganda la ndani, acha. Kwa wali si neno, lakini kashata itapata vidoa kama imeangukia mchangani. Nazi mbili za kwanza zikune pamoja, ya tatu weka bakuli lake, hiyo haikamuliwi. Asiye na mbuzi anaweza kukata nyama ya nazi vipande vidogo na kusaga kwenye blenda kwa maji hayohayo nitakayotaja. Tui linatoka vizuri, chicha tu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, ndiyo huwa laini mno.

Maji ya kukamulia yawe ya uvuguvugu, mkono uweze kukaa ndani. Mimina vikombe 2 kwenye nazi zile mbili, fikicha dakika tatu au nne mpaka povu libadilike kuwa zito, kisha kamua kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui zito, liweke peke yake. Rudia kwa vikombe 3 vya maji, halafu tena kwa vikombe 2 na nusu. Hayo mawili ya mwisho changanya pamoja, ndiyo tui jepesi. Chicha usitupe.

Maharage ya nazi

Yakishaiva, yabaki na supu kidogo tu. Tia kitunguu, kitunguu saumu, nyanya na bizari, kisha kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi. Acha dakika 15 mpaka nyanya ziyeyuke. Sasa tia kikombe kimoja cha tui zito, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanafunika sufuria na kwenda kupokea simu. Tui ni mafuta yaliyoshikana na maji, na kinachoyashikanisha hakipendi moto mkali. Likichemka kwa fujo linakatika, unabaki na vipande vinavyoelea juu ya maji. Simama hapo, koroga mfululizo kuelekea upande mmoja, bila kufunika, mpaka lianze kutokota. Chumvi, onja, epua.

Mavyaa wangu anasema tui lililokatika linaonyesha mpishi ana hasira. Mimi nasema linaonyesha mpishi ana simu.

Wali

Chemsha vikombe 4 vya tui jepesi na chumvi, kisha tia mchele uliooshwa. Koroga mara mojamoja ili usishike chini. Tui likishuka mpaka usawa wa mchele, mimina kikombe kilichobaki cha tui zito, geuza mara moja kutoka chini, sawazisha juu. Funika. Toa makaa mengi chini, uyapalie juu ya kifuniko, na uache dakika 20 bila kuchungulia. Anayepikia gesi aweke chuma cha chapati juu ya moto mdogo kabisa, kisha sufuria juu yake. Joto linasambaa na wali hauungui katikati.

Kuhusu kipimo: vikombe 5 vya tui kwa vikombe 3 vya mchele ni kwa mchele wa kawaida uliokaa. Mchele mpya wa msimu hunywa kidogo, punguza nusu kikombe cha tui jepesi. Mchele wa Kyela kwa harufu yake hauhitaji kitu zaidi ya chumvi, na anayetia iliki kwenye wali huo anashindana na mchele mwenyewe.

Kashata, na hapa twende polepole

Kashata ina viungo vitano tu, ndiyo maana haina pa kuficha kosa. Chukua vikombe 2 vya nazi ile ya tatu iliyokunwa bila kukamuliwa, ongeza kikombe 1 cha chicha uliyoibana vizuri ikauka. Chicha peke yake haina ladha, mafuta yameshakwenda kwenye wali. Lakini ikichanganywa inanyonya shira na kuipa kashata mshiko, na nazi inakwenda mbali zaidi. Twanga punje 6 za iliki. Sisi tuna bahati, iliki inalimwa hapo juu milima ya Usambara, unainunua bado ina ukijani. Ya kopo iliyosagwa zamani haina kazi.

Paka sinia mafuta kabla hujawasha moto. Shira haisubiri mtu atafute brashi.

Weka sukari vikombe 2 na maji robo tatu ya kikombe kwenye sufuria nzito. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha toa mwiko na uache ichemke yenyewe. Baada ya dakika kama nane anza kupima: dondosha tone kwenye kibakuli cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Ukiweza kuliokota kwa vidole likawa kigololi laini kinachobonyea, tayari. Wakati huo watoto wawe nje. Shira ya moto inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza, si kama maji yanayotiririka na kwisha.

Tia nazi, chicha, iliki na chembe ya chumvi. Sasa koroga bila kuacha, moto wa wastani, dakika tano mpaka nane. Mchanganyiko utaanza kuachana na sufuria na kukusanyika kama ugali mdogo, na mwiko utaacha njia inayoonyesha chini. Ndiyo alama. Usiende na saa, nenda na alama, kwa sababu nazi za masika na za kiangazi hazina maji sawa.

Mimina kwenye sinia, sawazisha kwa mgongo wa upawa uliopakwa mafuta, unene wa sentimita moja. Ukitaka zile za rangi mbili, gawa mara tu unapoepua, nusu tia tone la rangi nyekundu ya chakula, umwage ya pili juu ya ya kwanza. Subiri dakika saba hivi, ikate ikiwa bado vuguvugu kwa mikato ya mshazari. Ikipoa kabisa itavunjika inavyotaka yenyewe.

Imegoma kuganda? Irudishe yote jikoni dakika mbili tatu zaidi. Imekuwa mchanga, inamomonyoka? Umepitiliza. Tia vijiko vitatu vya maji, yeyusha upya kwa moto mdogo, umwage tena. Oda yangu ya kwanza ya shughuli ilirudi jikoni mara mbili namna hiyo, na hakuna mgeni aliyejua. Kwa kuwa nazi ni mbichi, zihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na zimalizwe ndani ya siku nne.

Sasa jiko lenyewe

Maganda ya ndimu zilizokamuliwa kwenye kachumbari yashindilie kwenye chupa ya kioo mpaka nusu, mimina siki nyeupe yafunikwe, funga, weka kabatini wiki mbili. Chuja, changanya na maji sawa kwa sawa. Ninaitumia kuondoa shombo la samaki kwenye ubao na sinki, kufuta vioo, na kulainisha ile chumvi nyeupe inayoganda kwenye bomba na birika kwa maji ya kisima. Kwenye birika, chemsha, acha saa moja, suuza mara mbili. Usiimwage kwenye sakafu ya saruji, terazo au marumaru ya jiwe halisi, maana ukali huo unaila taratibu mpaka mng'ao unaondoka. Na haitoshi kwa ubao uliokatia kuku mbichi. Huo unataka sabuni na maji ya moto.

Bikaboneti ni ya mafuta yaliyokauka: pembeni mwa jiko la gesi, vigae nyuma yake, ndani ya friji. Changanya vijiko vitatu na kijiko cha maji upate uji mzito, paka, acha dakika 15, sugua kwa kitambaa kilicholowa. Kuna mtindo wa kuchanganya siki na bikaboneti kwenye chupa moja ati ipate nguvu mbili. Inatoa povu la kupendeza, kisha zinauana, unabaki na maji yenye chumvichumvi. Tumia moja, suuza, ndipo utumie nyingine.

Sufuria za alumini usizipake bikaboneti, zinakuwa nyeusi. Zichemshie maji yenye maganda ya ndimu dakika 10, halafu sugua kwa makumbi ya nazi. Masizi ya nje yatoe kwa majivu laini na sabuni, kama bibi zetu walivyofanya, ila suuza palepale, usiyaache yalale na sufuria.

Jambo moja nililijua kwa kifua changu. Siku moja nilisafisha choo kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, nikaona nimalizie na siki yangu ili kuwe na harufu ya ndimu. Sikumaliza. Klorini ikikutana na siki au ndimu inatoa hewa ya sumu, na chumba chetu cha choo kina dirisha la kiganja. Nilikohoa hadi magharibi. Tangu hapo chupa hizo mbili hazikai kabati moja, na siki ya maganda imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, tena kwenye chupa isiyofanana na ya soda wala juisi, maana rangi yake inamvutia mtoto.

Vifuu vitupu anika juani, vinawashia jiko la mkaa haraka kuliko karatasi. Chicha iliyozidi wape kuku. Ukoko wa wali loweka kwa maji ya moto, kama utabaki. Kwangu haujawahi kufika kwenye maji.