Namna ya kumjua Mmisri wa kale aliyejificha ndani ya jina la mtu

Juzi hapa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, binti wa jirani, mja mzito wa miezi minane huyo anatafuta jina, kanijia na simu kaona mahali jina Bishoy, akaniuliza hili ni la Kiarabu au la Kizungu. Nikamwambia si la Kiarabu wala la Kizungu mwaya, hilo ni la enzi za mafarao limepita kwa Wakristo wa Misri, Wakopti. Akasema haya nawe umejuaje? Nikachukua pakiti ya sigara tupu ya mzee wa kahawa nikaanza kumchorea, na nilichomchorea ndo hiki.

Kwanza vua koti la Kiarabu. Kiarabu hakina P, hilo liweke kichwani. Waarabu waliichukua Misri miaka ya 639 mpaka 642 hivi, na watu wakabadilisha lugha polepole kwa karne nyingi, ila majina ya mababu hawakuyaacha, wakawa wanayasema kwa ulimi mpya tu. Kwa hiyo kila P ikageuka B. Pishoy akawa Bishoy, Pakhom akawa Bakhoum, Papnoute akawa Babnouda. Na hapo kwa Papnoute umeona T ya mwisho nayo imelainika ikawa D, ndo hivyohivyo Shenoute akawa Shenouda, lile jina la papa wa Wakopti aliyekaa kitini toka 1971 mpaka alipofariki 2012. Kwa hiyo ukikuta jina la Misri limeanza na B, jaribu kulisoma na P uone linatoa nini.

Halafu kata mkia wa Kigiriki. Wagiriki walitawala Misri muda mrefu na wao jina bila mkia haliwakai mdomoni, watabandika -ios au -is, Walatini nao -ius. Pachomius yule aliyeanzisha watawa kuishi pamoja kwenye nyumba moja kule Misri ya juu, yaani ya kusini, karne ya 4, ukimkata mkia ni Pakhom basi.

Sasa ndo uchambue vipande, na hapa sisi wa pwani tunajua kazi hii bila kufundishwa, manake nani asiyejua Mwanaisha ni mwana na Aisha, Mwanahamisi mwana na Hamisi? Wamisri walikuwa wanaunga hivyohivyo. P mwanzoni ni kama kusema "yule" kwa mwanaume, T kwa mwanamke. Pa- na Ta- ni "wa", yaani mtu wa fulani. She- ya kwenye Shenoute ni mwana. Na noute ni mungu. Kwa hiyo Papnoute ni "wa Mungu", Shenoute ni "mwana wa Mungu", ungeweza kumwita Mwanamungu ukamaliza. Pakhom ni yule akhom, tai au kipanga, ndege ambaye zamani alikuwa ni sura ya mungu. Bishoy nilivyomwambia binti ni P na Shai, na Shai kwa Wamisri wa kale ndo majaaliwa yenyewe, mungu anayempangia mtu siku zake. Akacheka, akasema basi kama Majaliwa tu wa huku kwetu. Ndo hivyo.

Hilo neno noute lina mambo. Wakati wa mafarao lilikuwa netjer, mungu yeyote yule, wa paka, wa mto, wa jua. Ukristo ulipokuja hawakutafuta neno jipya, walichukua lilelile wakalihamishia kwa Mungu mmoja. Shenoute mkubwa, mkuu wa Monasteri Nyeupe karibu na Sohag, aliyefariki karne ya 5, alikuwa mkali balaa dhidi ya ibada za miungu ya kale, na huku neno lao amelibeba jinani mwake. Na aliyemrithi uongozi aliitwa Besa! Besa ni Bes, yule mungu kibeti mwenye ulimi nje ambaye wanawake wa Misri walimtegemea awalinde wakati wa kujifungua. Nilipofika hapo binti kashika tumbo, akasema huyo Bes aje hata leo. Jina hilo bado lipo Misri, limekuwa Wissa, yule msanifu majengo Ramses Wissa Wassef analo katikati.

Angalizo ambalo mi lilinitia aibu. Nilishaikariri sana ile kanuni ya B, siku moja nikatangaza barazani kwamba hata Boutros ni la kifarao, si linaanza na B bwana. Mzee mmoja aliyefanya kazi melini miaka mingi na Alexandria anaijua akaniangalia akasema kijana, huyo si Petro? Na kweli ni Petro, Kigiriki kitupu, P imegeuka B kwa sababu ileile. Girgis ni Joji. Kwa hiyo kanuni ya B inakurudisha kwenye P tu, haikwambii hiyo P ni ya nani. Lazima kipande kinachobaki kiwe na maana kwa Kikopti, kama hakina, achana nalo.

Na kwa nini Kikopti, kwa nini usiende moja kwa moja kwenye yale maandishi ya picha ya mafarao? Kwa sababu yale hayaandiki irabu, unapata konsonanti tu, ni kama mtu akuandikie "mnsh" ukisie mwenyewe. Kikopti ni Kimisri kilekile cha mwisho, wameandika kwa herufi za Kigiriki na kuongeza 6 au 7 za kwao, kwa hiyo irabu zipo na unasikia jina lilivyotamkwa. Kamusi za Kikopti zipo mtandaoni, hizo ndo uzitumie. Ukurasa wa majina ya watoto wenye maua pembeni mi siuamini hata kidogo.

Lingine, Ramsis, Ahmos, Nefertari. Haya ni ya kifarao kweli ila mengi hayakushuka kwa bibi na babu, yamefufuliwa baada ya Champollion, msomi Mfaransa, kuvunja siri ya yale maandishi ya picha 1822, na hasa karne ya 20 Wamisri walipoanza kujivunia mafarao wao. Mi napima hivi, jina likiwa zuri na limenyooka kama la kitabuni, limefufuliwa. Likiwa limechakaa, herufi zimeliwa, huna uhakika hata linaanzia wapi, basi hilo ndo limetembea miaka elfu mbili mdomo kwa mdomo.

Sasa hamna haja ya kwenda Cairo kujaribia, yako hapahapa Tanga. Isidori, Kigiriki, zawadi ya Isis, mungu wa kike wa Misri, na Wagiriki walikuwa wanafuata mtindo wa Kimisri wa kumwita mtoto "aliyetolewa na mungu fulani", sisi tuna Hidaya na Zawadi. Potifa wa kwenye habari za Yusufu ni huohuo mtindo, aliyetolewa na Ra, mungu jua. Asnati, mke wa Yusufu, Biblia inamwandika Asenathi, wataalamu wengi wanalisoma "wa Neith", mungu wa kike. Hofni mwana wa Eli, samahani kwa kina Hofni wote, linasomwa kuwa ni kiluwiluwi. Susana na Sausan ni ndugu, yote yamezaliwa na seshen, yungiyungi lile ua la majini, moja limepita kwa Wayahudi na Wagiriki likaja kanisani na lingine limepita kwenye Kiarabu likaja kwa Waislamu. Binti kalipenda hilo, kasema akizaa wa kike ni Sausan na shangazi yake Mkristo amwite Susana akitaka.

Kinyozi wa pale kona, mtu wa Muheza, alikuwa anasikiliza muda wote huku ananyoa, jina lake ni Finehasi. Akauliza na langu? Nikamwambia toa F weka P, ni Panehesi, na Pa ya hapa ni ile P ya "yule", si ya "wa", yule Mnubi, yule mweusi wa kusini, ndivyo Wamisri walivyomwita jirani yao. Akazima mashine, akajitazama kwenye kioo, akasema hapo hawakunikosea.