Swichi ya kilovolti 11 ikiwa mbovu: namna ya kuikagua na kuizima

Viwanda vyenye transfoma yao hapa Arusha hupokea umeme wa kilovolti 11 au 33, vikaushusha hadi volti 400. Kati ya laini ya TANESCO, shirika la umeme, na transfoma kuna swichi, na jambo ninalowasisitizia vijana ni moja: mpini ukionyesha umezimwa, bado hujathibitisha chochote. Mwongozo huu ni wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kibali cha kufanya kazi hiyo mkononi. Kama huna, ishia hatua ya kwanza, utoe taarifa.

Hatua ya 1: Sikiliza, nusa, tazama

Usiguse kitu. Ukisikia mchirizo kama wa mafuta yanayokaanga, au harufu kali inayokera pua, umeme unavuja juu ya vikombe (vihami vinavyoshikilia nyaya) au vichwa vya kebo. Wakati wa masika, na baridi ya Juni na Julai, unyevu hugeuka matone ndani ya paneli, kwa hiyo angalia kama hita yake inafanya kazi. Chungulia pia mfereji wa kebo. Panya na mijusi hupitia matundu yasiyozibwa.

Swichi ya mafuta isomwe kwenye kioo chake, na ya gesi ya SF6 kwenye geji. Mafuta yakiwa chini ya alama au mshale ukiwa kwenye nyekundu, swichi hiyo haizimwi wala haiwashwi, maana mafuta au gesi hiyo ndiyo inayozima cheche. Ukinusa harufu ya mayai viza, toka nje na uache mlango wazi. SF6 ni nzito kuliko hewa takriban mara tano, hivyo hutuama mferejini na kumkosesha mtu pumzi, na ikishaunguzwa na cheche hutoa sumu.

Hatua ya 2: Ikiwa na dalili, usiizime wewe

Hapa ndipo meneja anapoanza kuulizia uzalishaji. Simama imara. Swichi mbovu huua pale inapochezeshwa: ncha za shaba zinazopitisha umeme zinaachana, cheche inagoma kuzimika, joto lake linaweza kupita nyuzi 10,000 za Selsiasi, shaba inageuka mvuke na mlango unaruka. Omba TANESCO wakate laini kutoka kwao, hata kama mtasubiri zamu nzima.

Hatua ya 3: Ikiwa haina dalili

Ondoa mzigo wote upande wa volti 400. Zima jenereta na uifunge kwa kufuli, kwa sababu umeme wake ukirudi kinyume kwenye transfoma, volti 400 zitatoka upande wa pili zikiwa 11,000. Vaa glavu za kiwango cha volti hiyo, kinga ya uso na nguo zisizoshika moto. Funga mlango wa paneli, simama pembeni, ndipo uzime. Aisoleta (swichi ya kutenganisha laini) isiyo na chemba ya kuzima cheche haifunguliwi ikiwa na mzigo, kamwe.

Hatua ya 4: Thibitisha fezi zote tatu

Mitambo ya ndani ikichakaa, mpini unakwenda mwisho, kibao kinasoma imezimwa, fezi mbili (kati ya nyaya tatu za umeme) zimeachia na ya tatu imegandana kwa joto. Mota zimesimama, kila mtu anaamini umeme umekatika, na mtu anaingiza mkono.

Tumia kipimo cha kilovolti kwenye fimbo ya faibaglasi. Kijaribu kwanza mahali penye umeme au kwa kifaa chake cha majaribio, pima fezi moja moja, kisha ukijaribu tena, kwa sababu kingeweza kufa katikati ya kazi. Tesita ya volti 230 ukiipeleka hapo italipukia mkononi. Fezi hata moja ikionyesha umeme, funga paneli urudi hatua ya 2.

Hatua ya 5: Kufuli na ethi

Kila fundi aweke kufuli lake, ufunguo mfukoni mwake. Waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini, unaanzia ardhini, ndipo unapandishwa kwenye fezi kwa fimbo.

Mtu akipigwa

Usimsogelee ndani ya mita 10 hadi TANESCO wathibitishe laini imekatwa. Ukijikuta tayari uko karibu, toka kwa kuburuta nyayo zikiwa zimegusana. Akishaokolewa apelekwe hospitali ya Mount Meru, au ya KCMC kwa walioko Moshi, hata kama anatembea na kuongea: umeme huunguza ndani, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mwambie daktari ni kilovolti ngapi, na umeingilia wapi mwilini.