Kuchagua runinga ya kebini ya lori

Madereva wa njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambao hulala ndani ya malori wakisubiri kuvuka mpaka, huniletea runinga nizifunge wakiwa wamekwisha kuzilipia. Soma hatua hizi kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya 1: Pima nafasi iliyo mkabala na kitanda. Inchi 19 hadi 24 zinatosha, na kioo kisionekane kamwe kutoka kwenye usukani.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha nyuma, na usiharakishe hapa. Chagua runinga ya DC (umeme wa aina ya betri) ya volti 12, kwa kuwa zipo ndogo zinazotaka volti 19 na nyingine hutumia 220 pekee. Lori kubwa huwa na betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo kupata 24, na injini ikiwaka hufika takriban 28, kiasi ambacho kinaweza kuiunguza runinga hiyo ikiunganishwa moja kwa moja. Wapo mafundi wanaokwepa tatizo hilo kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu, njia ambayo siikubali hata kidogo. Runinga itawaka vizuri, lakini alteneta huzichaji betri zote mbili kwa pamoja, hivyo ile inayonyonywa hubaki na chaji pungufu na mwenzake huchajiwa kupita kiasi, mpaka zote zinakufa mapema. Na betri iliyodhoofika huonyesha udhaifu wake alfajiri ya baridi, pale Makambako au Uyole, unapotaka kuwasha injini. Nunua kipunguza volti cha kutoka 24 hadi 12. Runinga ya wati 36 hula ampea 3, lakini chukua cha ampea 10 ili king'amuzi nacho kipate umeme, kisha fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, namshauri tu yule ambaye tayari ana runinga ya 220, kwa sababu hupoteza umeme mwingi zaidi.

Hatua ya 3: Hakikisha mgongo una matundu manne ya skrubu, na bano la kuishikilia liwe la chuma.

Hatua ya 4: Hakikisha ina DVB-T2 (mfumo wa kupokea matangazo ya dijitali kwa antena) na tundu la USB, kwani katikati ya milima kama Kitonga mawimbi hukatika na utategemea flashi. Flashi ya mfumo wa FAT32 husomwa na runinga nyingi, ila haipokei faili moja linalofika GB 4.