Kubadili masta silinda ili pedali ya breki iwe thabiti

Kabla ya kununua masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali inapokanyagwa) yenye kipenyo kikubwa zaidi, hakikisha kwamba ulaini wa pedali hautokani na ubovu. Pedali inayopanda ukiikanyaga mara mbili au tatu mfululizo huashiria upepo ndani ya paipu au breki za dramu zinazohitaji kurekebishwa. Inayozama polepole mguu ukiwa umetulia juu yake, ilhali hakuna mafuta yanayovuja nje, huonyesha kwamba sili za masta silinda zimechoka, na hapo mpya ya kipimo kilekile inatosha.

Mfumo ukiwa mzima, tazama kipenyo, ambacho mara nyingi huandikwa kwenye bodi ya masta silinda kwa inchi: 7/8, 15/16 au 1. Ukitoka 15/16 hadi 1, eneo la pistoni huongezeka kwa takriban asilimia 14, kwa hiyo pedali hushuka umbali mfupi na huwa ngumu zaidi. Hata hivyo, kwa nguvu ileile ya mguu, mgandamizo wa mafuta hupungua kwa takriban asilimia 12, na dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi ili gari lisimame vilevile. Ndiyo maana nashauri kupanda hatua moja tu, na kufanya hivyo hasa kwa gari lililofungwa kalipa (vifaa vinavyobana pedi za breki) zenye pistoni kubwa.

Kabla ya kufunga, ibane masta silinda mpya kwenye jiliwa, ijaze mafuta, rudisha paipu mbili ndogo za mpira kutoka kwenye matundu yake hadi ndani ya kopo lake la mafuta, kisha sukuma pistoni taratibu mpaka mapovu yaishe. Tumia mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini huharibu sili zote. Mafuta ya breki nayo hula rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika yaoshe mara moja kwa maji.

Kazi inayotaka uangalifu mkubwa kuliko zote ni kupima fimbo ya busta, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, ambayo husukuma pistoni ya masta silinda. Linganisha urefu uliochomoza na kina cha shimo la pistoni, kisha irekebishe ili ibaki nafasi ndogo sana, kwa kipimo cha mtengenezaji. Ikiwa fupi, pedali hushuka bure mwanzoni na faida yote hupotea. Ikiwa ndefu, pistoni hairudi hadi mwisho, mafuta hunaswa kwenye paipu, na breki hushika zenyewe hadi zipate moto.

Baada ya kutoa upepo kwenye magurudumu yote kwa mpangilio wa mtengenezaji, kagua uvujaji injini ikiwa inaunguruma na pedali imekanyagwa, kisha endesha polepole mahali patupu ukifunga breki mara kadhaa. Rudi, inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi imara, na zungusha kila gurudumu kwa mkono. Yakikaza yote, legeza nati zinazofunga masta silinda kwenye busta: yakiachia, fimbo bado ni ndefu, nawe uipunguze kabla gari halijaingia barabarani.