Kumrudishia Mzee Nguvu Baada ya Matibabu ya Saratani

Mzee aliyemaliza matibabu ya saratani anaporudi nyumbani, iwe Kibosho, Marangu au Moshi mjini, jamaa humpokea kwa kumkalisha: kiti huwekwa barazani, uji huletwa, na kila akiinuka huambiwa apumzike. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini humdhoofisha, kwa sababu misuli ya mtu mwenye umri mkubwa hupungua upesi isipotumika, na ugonjwa pamoja na dawa zake huwa umekwisha kuila kwa sehemu.

Anzeni na protini. Mzee asiye na ugonjwa wa figo anahitaji walau gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, ilhali ndizi, hata sahani ikijaa, zina kidogo sana. Ndiyo maana mtori wa mgonjwa unahitaji kuangaliwa upya. Katika nyumba nyingi mzee hupewa ndizi zilizopondwa kwa supu tupu, na minofu huachiwa wenye meno. Chemsheni nyama mpaka ilainike kabisa, ichambueni nyuzi kwa nyuzi, kisha iponde pamoja na ndizi ili kila kijiko kiwe na nyama ndani yake. Siku nyingine kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) chenye maharage mengi kinatosha, pamoja na mboga ya mnafu na kipande cha parachichi. Protini igawanywe katika milo yote mitatu, maana asubuhi ya chai na andazi peke yake ni mlo uliopotea. Aliyenenepa baada ya matibabu apunguziwe sukari, mafuta na vyakula vya kukaanga. Asipunguziwe maharage wala mayai.

Chai nayo ipoe kwanza. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu huanza kuinywa ikiwa na joto la wastani wa nyuzi 70 hivi, na vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huhesabiwa kuwa huenda vikasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kuhusu mbege, pombe ya ndizi na ulezi, najua ni vigumu kumwambia mzee aiache kwenye sherehe ya ukoo, lakini pombe ya aina yoyote huongeza hatari ya saratani, na kwa maoni yangu kuiacha ndiyo salama.

Kwa mazoezi, lengo ni dakika 150 za kutembea kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Zaidi ya hayo, zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kuinuka kitini. Kiegemezeni ukutani kiti kigumu chenye mgongo, kwani kigoda ni kifupi mno na sofa humzamisha. Mzee akae mbele kidogo, nyayo zikanyage sakafu sawasawa, akunje mikono kifuani, asimame, kisha ashuke polepole huku akihesabu hadi tatu. Aanze na mara tano, na asipoweza bila mikono, ashike meza. Alirudie mara mbili au tatu kwa wiki, akiongeza kadiri nguvu zinavyorudi.

Juhudi hizi zina ushahidi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu 641 wa Marekani, Kanada na Uingereza, wenye umri wa miaka 65 hadi 91, wenye uzito uliozidi na waliokwisha kupona saratani ya matiti, tezi dume au utumbo mpana. Wale walioelekezwa mazoezi na lishe kwa simu na kwa barua kwa mwaka mmoja, wakiwa majumbani mwao, walipungukiwa na uwezo wa mwili polepole zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwa wameelekezwa.

Baadhi ya dawa za saratani huacha ganzi miguuni, na tiba ya homoni hupunguza uimara wa mifupa; kwa hiyo mzee avae viatu vya kufunga, na wakati wa masika, vijia vya mlimani vinapoteleza, atembee barazani. Ambaye saratani ilifika kwenye mifupa asianze zoezi lolote kabla ya kuonana na daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba. Mpimeni uzito kila mwezi kwenye mizani ileile. Mwenye kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya miezi sita bila kukusudia, akipata maumivu mapya ya mfupa yanayomwamsha usiku, au chakula kikianza kumkwama kooni, mpelekeni kliniki bila kungoja tarehe yake.