Jinsi ya Kutambua Sepiolaiti na Paligoskaiti katika Miamba ya Mashapo

Madini mengi ya mfinyanzi yana umbo la vigamba bapa, lakini sepiolaiti na paligoskaiti yana umbo la nyuzi, na sababu yake imo ndani ya fuwele. Katika madini haya, piramidi za silika hazielekezi ncha zao upande mmoja wakati wote. Kila baada ya nafasi fulani hugeuka juu chini, kwa hiyo tabaka la magnesiamu lililo katikati hukatika na kuwa tepe nyembamba ndefu. Kati ya tepe hizo hubaki mifereji inayofuata urefu wa uzi, yenye upana wa nanomita 0.37 kwa 1.06 katika sepiolaiti, na 0.37 kwa 0.64 katika paligoskaiti. Ndani yake mna maji ya aina mbili: yaliyolegea, na yaliyoshikwa na magnesiamu iliyo kingoni mwa tepe. Sepiolaiti ni silikati ya magnesiamu karibu tupu, ilhali katika paligoskaiti alumini huchukua sehemu kubwa ya nafasi za magnesiamu. Nakusihi uelewe muundo huu kwanza, kwa kuwa kila hatua inayofuata inautegemea.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mwamba. Tafuta mashapo ya maziwa ya kale yenye magadi au ya nchi kame, hasa yanayoambatana na dolomaiti, yaani kaboneti ya kalsiamu na magnesiamu. Kipande kikavu chenye sepiolaiti nyingi huwa chepesi mkononi, na ukikigusa kwa ncha ya ulimi hunata.

Pili, ponda taratibu bila kusaga sana, maana kinu hukata nyuzi na kuharibu fuwele.

Tatu, ondoa kaboneti. Hapa ndipo nilipopoteza sampuli yangu ya kwanza: nilitumia asidi ya hidrokloriki, nayo ikaondoa magnesiamu ya sepiolaiti pamoja na dolomaiti niliyokusudia kuiondoa. Tangu hapo natumia myeyusho wa asetati ya sodiamu wenye pH 5, nikivumilia kazi inayokwenda polepole, kisha nasafisha kwa kloridi ya magnesiamu na kuosha kwa maji.

Nne, koroga ndani ya maji safi na uache yatulie. Baada ya takriban saa 8, sentimita 10 za juu hubaki na chembe zisizozidi mikromita 2. Zivute kwa bomba, uzimwage juu ya kioo na kuziacha zikauke.

Tano, pima kwa eksirei. Kila madini hutoa kilele kwenye grafu, kinachoonyesha umbali kati ya safu za atomi katika fuwele. Paligoskaiti hutoa kilele kwenye nanomita 1.05 hivi, na sepiolaiti kwenye 1.21. Usiharakishe kutoa hukumu, kwa sababu ilaiti, mfinyanzi wa vigamba usiovimba, hukaa kwenye 1.00, na smektaiti, mfinyanzi wa vigamba unaovimba, ikiwa na sodiamu hukaribia 1.25. Ndiyo maana katika hatua ya tatu tumeweka magnesiamu, inayoisogeza smektaiti hadi karibu 1.5.

Sita, weka kioo kwenye mvuke wa ethilini glaikoli usiku kucha, kisha upime tena. Smektaiti huvimba hadi 1.7, lakini vilele vya madini ya nyuzi karibu havisogei, kwani tepe zimefungamana kingoni na haziwezi kuachana.

Mwisho, pasha kioo joto hadi nyuzijoto 550 za Selsiasi, kisha upime tena. Ilaiti hubaki palepale kwenye 1.00, lakini paligoskaiti ikishapoteza maji yaliyoshikwa na magnesiamu, mifereji yake hujikunja na kilele cha 1.05 hufifia.